Dawa zinazosinzisha na ajali za bodaboda: nimlinganishe majeruhi na nani?

mtafiti_chipukizi

Habari za kazi wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Swali lenyewe: je, dereva wa bodaboda aliyemeza dawa inayosinzisha yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ajali? Nalenga chlorpheniramine (Piriton na dawa za mafua zilizochanganywa nayo), diazepam (ya wasiwasi na usingizi), tramadol (ya maumivu), amitriptyline (ya sonona) na carbamazepine (ya kifafa). Eneo ni idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa, miezi 6.

Mpango wa kwanza ulikuwa hivi: majeruhi 200 waliokuwa wakiendesha bodaboda, walinganishwa 200 wa umri uleule kutoka wodi za kawaida, dodoso moja la "dawa ulizotumia siku 7 zilizopita", na kipimo cha mkojo kwa wote. Msimamizi ameukataa. Kaniambia walinganishwa hawafai na siku 7 ni nyingi mno, basi, hakuendelea. Naomba mnisaidie: nani awe mlinganishwa, niulize kuhusu muda gani, na je, kipimo cha mkojo kina faida?

takwimu_tu

Msimamizi wako hajakuonea. Mtu aliyelazwa wodini ni mgonjwa, na mgonjwa anameza dawa. Ukimlinganisha na dereva wa bodaboda, kijana mwenye nguvu zake, utakuta wa wodini ndio wanaotumia dawa zaidi, na utafiti wako utatangaza kwamba diazepam inakinga ajali.

Wengine wangekwambia nenda kijiweni ukachukue madereva wasioumia. Ni afadhali, lakini shida haijaisha. Anayetumia tramadol mara nyingi ndiye anayepiga usiku na mchana ili hesabu ya tajiri itimie, na huenda ni deiwaka (dereva wa kushikia kwa siku) asiyeizoea pikipiki ile. Saa za kazi, uchovu, hali ya chombo, mirungi, pombe: vyote vinakwenda pamoja na dawa. Utavirekebisha vipi wakati nusu yake hujavipima?

Mlinganishe mtu na nafsi yake. Muundo huu huitwa kesi-krosova; Maclure aliueleza mwaka 1991. Unachukua majeruhi peke yao, unauliza: katika saa kadhaa kabla ya ajali alikuwa amemeza dawa? Na katika saa hizohizo za siku nyingine ambayo hakupata ajali, alikuwa amemeza? Umri, jinsia, ujuzi, tabia ya kukimbiza chombo, vyote vinajifuta kwa sababu ni mtu yuleyule. Redelmeier na Tibshirani waliutumia Toronto mwaka 1997 kwa madereva 699 waliokuwa na simu za mkononi, wakapata hatari ya mara 4 hivi wakati wa kuongea. Kwa upande wa dawa, Barbone na wenzake walichapisha mwaka 1998 utafiti wa Tayside, Uskoti: jamii ya diazepam ilikuwa na uwiano wa odi (mara ngapi hatari inapanda) wa 1.62 na zopiclone, dawa ya usingizi, 4. Dawa za sonona hazikuonyesha ongezeko. Usiende na imani kwamba kila kinachosinzisha kitatoka na namba kubwa.

Sasa mitego yake, maana ipo.

Kwanza ni urefu wa kipindi. Chlorpheniramine inaweza kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Diazepam nusu yake inachukua saa 20 hadi 50 kuondoka, na zao lake, nordiazepam, hata saa 100. Ukichukua "jana saa kama hii" kuwa kipindi cha ulinganisho, aliyemeza diazepam juzi usiku ana dawa katika vipindi vyote viwili, na hatari itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Rudi wiki moja nyuma, siku ileile ya juma, saa ileile. Siku ya juma ina maana: siku ya gulio au Ijumaa usiku si sawa na Jumanne mchana.

Pili, hakikisha katika kipindi cha ulinganisho alikuwa barabarani. Kama wiki iliyopita saa hiyo alikuwa amelala nyumbani na homa, bila shaka alikuwa na Piriton tumboni, lakini hakuwa kwenye hatari yoyote ya ajali. Kipindi hicho kitupwe. Hili ndilo linaloharibu tafiti nyingi za aina hii, na halionekani kwenye jedwali la mwisho.

Tatu, anayemeza kila siku hachangii kitu. Mwenye kifafa anayetumia carbamazepine asubuhi na jioni ana dawa kwenye kila kipindi. Carbamazepine, na amitriptyline ya kila usiku, zitoe kwenye swali hili. Zinahitaji njia nyingine: kulinganisha madereva waliosababisha ajali na wale waliogongwa bila kosa. Ndivyo walivyofanya Wafaransa kwenye utafiti uitwao CESIR-A. Waliunganisha rekodi za polisi na za bima ya afya kwa madereva 72,685 wa kati ya 2005 na 2008, na dawa za daraja la juu kabisa la onyo kwa madereva zilikuwa na uwiano wa 1.31. Bila rekodi za dawa za nchi nzima hutaweza kuiga ukubwa ule. Mbinu ya kupima nani mwenye kosa unaweza kuichukua.

Idadi: kwa uwiano wa odi 2, nguvu ya 80% (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo) na kosa la 5% (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji jozi 69 hivi *zinazotofautiana*, yaani mtu ana dawa kipindi kimoja na hana kingine. Kama ni 10% tu ya madereva watakaotofautiana, hiyo ni watu 690. Ukiwauliza vipindi vinne vya ulinganisho badala ya kimoja, inashuka kufika karibu 430. Wale 200 wako wangekupa jozi 20, na kwa jozi 20 usingeona chochote chini ya hatari ya mara 4.

mama_dirishani

Mimi naongea upande wa dawa. Mkuu hapo juu kaeleza vipindi vizuri, ila havitakusaidia kama jibu la dodoso ni takataka.

Usiulize "ulitumia dawa?" Watu wengi hawahesabu Piriton kuwa dawa. Ya mafua ni "kidonge tu", ya maumivu ni "cha kutuliza mwili". Uliza kwa shida: mafua, kikohozi, muwasho, mgongo, jino, kukosa usingizi, msongo, na pia "kitu cha kukufanya usichoke". Kila akijibu ndiyo, fuata: ulitumia nini, ulikipata wapi (hospitali, famasia, duka la dawa muhimu, rafiki kijiweni), vingapi, saa ngapi.

Tengeneza kadi za picha. Nenda kwenye maduka matano au sita ya dawa yaliyo karibu na vijiwe, nunua kila dawa ya mafua, ya kikohozi na ya mzio iliyopo rafu, piga picha kidonge chenyewe, karatasi yake na boksi. Kisha geuza kila boksi usome viambato. Utashangaa ngapi zina chlorpheniramine huku jina la mbele halisemi chochote. Usisahau sharubati za kikohozi: angalia kama zina codeine, diphenhydramine au promethazine. Dawa ikiingia kwenye kompyuta, iingie kwa kiambato na miligramu, kamwe isiingie kwa jina la biashara.

Kuna tatizo la vidonge vya kuhesabiwa. Dukani mtu anapewa vidonge kwenye bahasha iliyoandikwa "1×3" na hakuna jina. Hapo mwombe ndugu alete bahasha yenyewe. Kidonge kikiwepo, linganisha na kadi; kikiwa kimekwisha, andika "haijulikani" na usibahatishe. "Haijulikani" nyingi ni matokeo pia, nawe uyaripoti.

Saa ya kumeza usiiulize kama saa. Funga kwenye matukio ya siku: kabla ya chai au baada, kabla ya abiria wa kwanza, baada ya adhana ya adhuhuri, kabla ya kulala. Halafu msaidizi wako ageuze kuwa saa, na lile jibu la asili libaki kwenye karatasi. Dawa iliyomezwa usiku isidharauliwe: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishusha dozi ya zolpidem, dawa ya usingizi, kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi dawa ingali damuni na mtu yuko kwenye usukani.

Na swali la "ulisikia usingizi?" liweke, lakini lisiwe kipimo chako cha athari. Kwenye jaribio la Iowa la mwaka 2000, watu 40 waliendesha kwenye kifaa cha kuigiza barabara. Waliopewa diphenhydramine miligramu 50 waliendesha vibaya kuliko walipokuwa na pombe ya karibu 0.1% damuni, na kusinzia walikojisikia hakukutabiri vizuri jinsi walivyoharibu. Mtu anaweza kukuapia yuko macho.

Jambo la mwisho: mafua yenyewe yanapunguza wepesi wa mtu. Ukiona Piriton inahusiana na ajali, nitakuuliza: ni dawa au ni mafua? Kwa hiyo andika pia waliotumia paracetamol peke yake kwa mafua, na waliotumia loratadine kwa mzio. Kama Piriton inapanda na hizo hazipandi, una hoja. Kama zote zinapanda sawasawa, umepima ugonjwa.

zamu_ya_usiku

Kuhusu vipimo. Sehemu hii ndiyo inayowaponza wanafunzi wengi, kwa hiyo nitakuwa mrefu kidogo.

Majeruhi akiingia dharura, ndani ya dakika chache anaweza kupewa tramadol, pethidine, morphine au ketamine ya maumivu, na diazepam kama anatapatapa au anadegedega. Ukichukua mkojo saa mbili baadaye, unapima matibabu yetu. Huwezi kuzitenganisha maabara. Suluhisho ni moja: damu ya utafiti itoke kwenye sindano ileile ya kwanza ya kipimo cha kundi la damu, kabla ya dawa yoyote, na fomu iwe na saa tatu zilizoandikwa kando kwa kando: saa ya ajali, saa ya kuchukua damu, saa ya dawa ya kwanza. Wengi hupitia kwanza kituo cha afya, kwa hiyo soma barua ya rufaa. Kama alishachomwa kitu huko, sampuli yake haifai *kwa dawa hiyo tu*. Kwa nyingine bado inafaa.

Damu itoke mkono usio na dripu. Ikitoka juu ya dripu imechanganyika na maji na namba zinashuka.

Pombe lazima uipime, kwa sababu diazepam na bia pamoja si sawa na kila kimoja peke yake. Usisafishe ngozi kwa spiriti wakati wa kuchukua sampuli hiyo. Tumia maji na sabuni, au iodini ya maji. Tyubu iwe ya kifuniko cha kijivu, yenye fluoride, ijazwe vizuri na kufungwa, maana bila fluoride vijidudu vinaweza kutengeneza au kula pombe ndani ya tyubu na kesho unapata namba nyingine. Ukitumia kipima-pumzi badala ya damu, subiri dakika 15 baada ya kutapika au kunywa chochote, na msaidizi asikishike mikono ikiwa imelowa kitakasa mikono.

Vile vijiti vya mkojo: vitumie kuchuja, basi. Kijiti cha benzodiazepine (jamii ya diazepam) kinaweza kuwa chanya siku kadhaa baada ya kidonge, muda mrefu baada ya athari kwisha, kwa hiyo hakiwezi kujibu swali lako la saa. Kinakosa lorazepam na clonazepam mara nyingi. Kijiti cha opiati (morphine) hakioni tramadol kabisa. Tramadol ina kijiti chake, kinunuliwe mahsusi. Chlorpheniramine haimo kwenye paneli za kawaida, na hiyo ndiyo dawa yako kuu! Kuna pia chanya za uongo: levofloxacin na ofloxacin (antibayotiki) kwenye kijiti cha opiati, efavirenz (dawa ya VVU) kwenye baadhi ya vijiti vya benzodiazepine na bangi. Efavirenz imepungua sana tangu dolutegravir ishike nafasi yake, lakini iulize.

Ukitaka kujua kiasi damuni unahitaji mashine ya kromatografia na spektrometri ya masi. Zungumza na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla hujaandika bajeti: wanapima kiambato kipi, wanataka mililita ngapi, tyubu gani, ikae kwenye baridi gani njiani. Usikusanye kwanza ndipo uulize.

Na pima sukari ya kidole kwa kila dereva, kabla ya dextrose (maji ya sukari). Orodha yako imesahau dawa za kisukari kwa sababu hazisinzishi. Glibenclamide inaweza kushusha sukari hata saa 24 baada ya kumezwa, hasa mtu aliyeruka mlo au aliyefunga, na mwenye sukari chini ya 3 (mmol/L) hafikirii sawasawa muda mrefu kabla hajaanguka. Kumbuka tu kwamba mshtuko wa jeraha unapandisha sukari. Sukari ya 7 baada ya ajali haisemi kwamba haikuwa 3 kabla yake. Ya chini ina maana, ya kawaida haina.

mtafiti_chipukizi

Nashukuru sana. Nimeelewa kwamba vijiti haviwezi kuwa kipimo kikuu, na carbamazepine naiondoa. Yamebaki mawili. Wenye majeraha ya kichwa hawawezi kujibu dodoso, nao ni wengi. Na watu wanaogopa: wamekuja na PF3 (fomu ya polisi) mkononi, mimi nawauliza kama walimeza tramadol.

takwimu_tu

La kwanza halina dawa kamili. Wanaoongea ni wenye majeraha mepesi, waliofia barabarani hutawaona kabisa, kwa hiyo hitimisho lako linahusu madereva waliofika hospitali wakiwa na fahamu, na uliandike hivyo kwenye kichwa cha habari. Ndugu na wenzake wa kijiweni wanaweza kujibu, lakini wachambue kando. Mke anajua cha usiku, mwenzake wa kijiwe anajua cha mchana, hakuna anayejua vyote. Aliyezinduka baada ya siku 3 muulize, ila aliyepoteza kumbukumbu ya saa kabla ya ajali usimlazimishe.

Nakuongezea kitu ambacho kitakuokoa siku ya kutetea kazi: wahoji na abiria walioumia, kwa dodoso lilelile, vipindi vilevile. Piriton aliyomeza abiria haiwezi kuangusha pikipiki (tuwaache wanaosinzia wakalegea nyuma ya dereva, ni wachache). Kama kwa abiria pia uwiano unatoka 2, basi hiyo si dawa. Ni kwamba watu wanakumbuka jana vizuri kuliko wiki iliyopita. Ikitoka karibu na 1 kwa abiria na 2 kwa madereva, hapo una matokeo.

zamu_ya_usiku

La hofu: fomu ya utafiti isikae kwenye faili la mgonjwa, hata kwa dakika moja. Faili linasomwa na polisi na watu wa bima. Tumia namba ya utafiti, na daftari linalounganisha namba na jina lifungiwe kwingine. Mhoji asivae sare wala koti jeupe ikiwezekana, na asihoji askari akiwa kitandani pale. Ridhaa ieleze wazi kwamba matokeo ya damu ya utafiti hayatumiki kumtibu wala kumshitaki, na mpango wote huo upitie kamati ya maadili kwanza, pamoja na namna ya kuomba ridhaa kwa asiye na fahamu. Kamati ikikataa damu ya wasio na fahamu, kubali, usizunguke.

kofia_ngumu

Samahani kuharibu sherehe. Kwenye ule utafiti wa Ufaransa mliousifia, sehemu ya ajali iliyotokana na dawa ilikuwa 3.3%. Kofia ngumu inapunguza hatari ya kifo kwa 42% na ya jeraha la kichwa kwa 69%. Miezi sita na pesa za maabara zingehesabu kofia zisizofungwa kidevuni, si bora?

takwimu_tu

3.3% ni ya Ufaransa, kwa madereva wengi wa magari, dawa zikitolewa kwa cheti na rekodi. Haihamishiki kwenye pikipiki na vidonge vya bahasha. Inaweza kuwa ndogo zaidi huku kwetu, inaweza kuwa kubwa. Na kofia haizuii ajali kutokea. Lakini una hoja moja: aandike kama alivaa na kama alifunga, kwa sababu kofia inaamua nani anafika dharura akiwa hai na anaongea.

mama_dirishani

Mimi naona faida yake iko dirishani, na ni ya bei rahisi. Wafaransa tangu 2005 wana alama za rangi tatu kwenye boksi: njano, chungwa, nyekundu. Boksi haisaidii mahali ambapo dawa inatoka kwenye kopo na kuingia kwenye bahasha. Kwetu onyo liandikwe kwenye bahasha, na kabla yake kuwe na swali moja: "Unaendesha chombo?" Akisema ndiyo na shida yake ni mzio, loratadine miligramu 10 mara moja kwa siku inatosha wengi. Cetirizine apewe ya usiku, maana wengine inawasinzisha. Piriton ikiwa ndiyo pekee iliyopo, isiandikwe 1×3 kama mazoea. Iandikwe kimoja usiku, na asiichanganye na bia.

Ila matokeo yako ukiyapeleka kwenye redio, chunga lugha. Mwenye kifafa akisikia "dawa zinaleta ajali" ataacha vidonge vyake, na degedege juu ya pikipiki ni hatari kuliko kusinzia. Vivyo hivyo wa kisukari. Kwa hao wawili ujumbe ni kurudi kliniki wakapangiwe dozi na saa, na mwenye kifafa aambiwe waziwazi kwamba kazi ya bodaboda haimfai hata akiwa anameza dawa vizuri.

Kadi za picha ukizimaliza ziweke hapa, wengi tutazihitaji.